Usikanyage Nyasi: Tunahifadhi Nini Tunapohifadhi Bustani ya Umma?

Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa kusoma Kiswahili chuoni, mwalimu wetu alitupa zoezi lililoonekana rahisi. Nendeni mjini, alisema, msikilize Kiswahili kinachosemwa nje ya darasa, kisha mrudi na sentensi kumi. Nilizunguka Kampala siku nzima. Sokoni niliitwa kwa Kiluganda, ndani ya teksi nikadaiwa nauli kwa Kiluganda, dukani nikajibiwa kwa Kiingereza. Jioni, miguu ikiniuma, niliketi chini ya mti katika bustani moja ndogo katikati ya mji, nikafungua daftari langu lililokuwa bado tupu. Hazikupita dakika tano mlinzi akaja. "Wewe! Toka hapo! Kwenda mbele!" Nikasema, "Samahani, afande," nikaondoka. Nilipofika stendi ndipo nilipogundua kwamba tayari nilikuwa na sentensi tatu kati ya zile kumi.

Darasani wenzangu walicheka niliposoma orodha yangu. Mwalimu aliuliza tu: "Na kibao cha bustani kilisemaje?" Nilikikumbuka. Kilikuwa kwa Kiingereza, na kiliwaagiza watu wasikanyage nyasi. Kwa hiyo katika bustani ile Kiingereza kilikuwa lugha ya kuandika katazo, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kulitekeleza. Lugha ya kumkaribisha mtu haikuwepo.

Nimeandika insha hii kwa sababu swali la mwalimu halijaniondoka. Bustani ile ilikuwa safi. Nyasi zilikatwa vizuri, maua yalimwagiliwa maji, ua ulipakwa rangi. Mtu akiulizwa kama imehifadhiwa, atajibu ndiyo bila kusita. Mimi nabisha. Hoja yangu ni kwamba katika miji yetu tumelielewa vibaya neno "kuhifadhi", na kwa kosa hilo tunahifadhi nyasi huku tukiipoteza bustani. Ili kulionyesha hilo nitalinganisha sehemu mbili za umma: Bustani ya Jeevanjee ya Nairobi, ambayo nimeitembelea, na Uwanja wa Katiba wa hapa Kampala, ambao kila mkazi wa mji huu ameupita.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi "kuhifadhi" asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili kina matumizi mawili ambayo mwanafunzi hukutana nayo mapema. La kwanza ni la wanyamapori. Majirani zetu wa Tanzania husema Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Hapo hifadhi ni eneo lenye mpaka, lango, tiketi na askari. Mwanadamu huingia kwa ruhusa, hukaa kwa muda aliopewa, kisha hutoka ili wenyeji halisi, yaani wanyama, waendelee na maisha yao. Matumizi ya pili ni ya madrasa na ya ushairi. Mtoto huhifadhi Kurani. Malenga huhifadhi tungo. Hapo kuhifadhi ni kutia moyoni, na njia ya kutia moyoni ni kurudiarudia. Kilichohifadhiwa kwa namna hii hakikai kabatini. Kinakaa katika ulimi wa mtu, na siku watu wakiacha kukitamka kinaanza kupotea, hata kama karatasi yake ipo.

Maana zote mbili ni sahihi. Swali ni ipi inayofaa bustani ya mji. Simba wa Serengeti hahitaji mimi nikae karibu naye ili aendelee kuwa simba. Bustani ya umma ni tofauti, kwa kuwa umma umo ndani ya jina lake. Ukiuondoa umma unabaki na shamba la maua. Kwa hiyo nasema bustani ya mji huhifadhiwa kama tungo: kwa kurudiwa kila siku na watu wengi, wakiwemo wanaokosea.

Bustani ya Jeevanjee inanipa mfano. Iko katikati ya Nairobi, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street, mwendo mfupi kutoka City Market. Ilitolewa kwa wakazi wa mji na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa kuihudumia Reli ya Uganda, ile reli iliyobeba jina la nchi yangu kutoka Mombasa. Mwaka 1906 ilizinduliwa humo sanamu ya Malkia Victoria, na aliyeizindua alikuwa mwanawe, Duke wa Connaught. Historia hii tusiipambe kupita kiasi. Ni tajiri aliyeweka sanamu ya malkia wa dola iliyowatawala watu wa nchi hiyo, katika mji uliokuwa ukigawa ardhi kwa rangi ya ngozi. Lakini ndani ya mji wa namna hiyo, kipande cha ardhi cha kuketi tu, kisicho cha ofisi wala cha duka, hakikuwa kitu kidogo.

Mwaka 1991 kipande hicho kilikaribia kupotea. Ulikuwepo mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari na maduka. Aliyesimama mbele kuupinga alikuwa Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, ambaye aliwakumbusha wakazi kwamba bustani ile walipewa wao. Angalia silaha aliyotumia: kumbukumbu. Alikuwa ameihifadhi historia ya mahali pale kwa maana ya pili ya neno, na alipoirudia kwa sauti watu wengine waliishika. Mpango ulishindwa.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 1989, Wangari Maathai alikuwa ameanza vita vya aina hiyohiyo kuhusu Uhuru Park, umbali mfupi kutoka hapo, ambako kulipangwa jengo la ghorofa 60. Wengi wanamjua Maathai kama mpanda miti na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Katika suala la Uhuru Park alikuwa pia mwandishi wa barua: aliziandikia ofisi za serikali na mashirika ya kimataifa, akauliza kwa nini wananchi wanyang'anywe mahali pao pa kupumzikia. Alitukanwa, lakini ghorofa hizo hazikujengwa. Mwaka 1992 akina mama waliodai kuachiliwa kwa wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa walikwenda kukaa na kufunga kula katika kona ya bustani hiyohiyo. Walipigwa na polisi na kuondolewa, lakini kona hiyo imeitwa Kona ya Uhuru hadi leo. Na tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi Uhuru Park. Kama ghorofa 60 zingesimama pale, mambo hayo yangelazimika kutafuta mahali pengine, au yasingetokea kabisa.

Niliyasoma hayo kabla sijaiona Nairobi. Likizo ya mwaka wa pili nilipanda basi la usiku kupitia Busia kwenda kumtembelea mama mdogo anayefanya kazi huko, na mchana mmoja nikaenda Jeevanjee na daftari langu lilelile. Nilikuta mhubiri mwenye kipaza sauti, wapiga picha wenye kamera shingoni, wauza karanga, na watu waliolala chali kwenye nyasi wakiwa wamefunika uso kwa gazeti. Karibu na njia kulikuwa na kundi la watu kama ishirini wakibishana kuhusu bei ya unga. Kwa miaka mingi bustani hii imekuwa na mijadala ya wananchi wa kawaida wanaojiita Bunge la Mwananchi. Kama hao niliowakuta walikuwa wabunge wa bunge hilo au wapita njia tu, sikuuliza. Nilisimama pembeni kusikiliza.

Mzee mmoja akaniona. "Karibu dada, keti. Unatoka wapi?" Nikajibu kwa sentensi ndefu iliyonyooka, yenye ngeli zote mahali pake. Kundi likaangua kicheko. "Hiyo ni Kiswahili ya kitabu!" akasema kijana mmoja, nami nikacheka pia. Kisha wakaniuliza unga ni shilingi ngapi kwetu, na kama wanafunzi wa Uganda nao huandamana. Nilijibu, nikapingwa, nikajitetea. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kubishana kwa Kiswahili na mtu asiyenipa alama. Sentensi kumi nilizipata kabla ya saa moja kuisha. Ninazo mpaka leo: "Wewe unasemaje?" "Hapo sikubaliani na wewe." "Ngoja kwanza amalize." "Kaa, usiende, bado hatujamaliza."

Msomaji alinganishe sentensi hizo na zile tatu za Kampala. Wote waliozisema ni watu wa Afrika Mashariki, na lugha ni ileile. Tofauti ilitokana na mahali. Bustani moja ilikuwa imekizoesha Kiswahili kusikiliza, na nyingine ilikuwa imekiachia kazi ya kufukuza. Sisi wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda tunajua jinsi lugha hii ilivyobeba sifa mbaya kwa vizazi: lugha ya kambi, lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ya amri. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa ikaifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha ifundishwe kwa lazima shuleni. Maamuzi hayo ni mazuri. Lakini lugha haitakuwa ya wote kama hakuna mahali ambapo wote wanaweza kuketi na kuizungumza bila kununua chochote.

Haki inanidai niikosoe Jeevanjee pia. Kwanza, katika lile kundi la watu kama ishirini, wanawake tulikuwa watatu. Wengine walikuwa wakipita haraka wakiwa wamekumbatia mikoba. Mahali panapoitwa pa wote lakini nusu ya wote hawakai, bado hapajawa pa wote. Pili, nyasi zilikuwa zimechakaa, na penye kivuli kizuri palikuwa na udongo mtupu. Tatu, sanamu ya Malkia Victoria haikudumu. Mwaka 2015 watu waliivunja na kuikata kichwa. Mhifadhi wa urithi atasema hiyo ni hasara, nami sitetei uharibifu, kwa sababu sanamu ile ilikuwa ushahidi wa mji ulianzaje. Hata hivyo hebu tufikiri. Sanamu ilivunjwa na bustani ikabaki bustani. Mchana ule mjadala wa unga uliendelea bila malkia. Je, ingekuwaje kinyume chake, sanamu ikabaki nzima iking'aa ndani ya ua na watu wakaondolewa? Wageni wangekuta kila kilichoorodheshwa kipo, isipokuwa bustani.

Turudi nyumbani. Uwanja wa Katiba uko Kampala Road, mkabala na Mahakama Kuu. Zamani uliitwa Uwanja wa Jiji, na jina jipya linatokana na katiba ya mwaka 1995, ambayo ibara yake ya 29 inampa kila mtu uhuru wa kukusanyika na wengine kwa amani. Mwaka 2011, wakati wa maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini kupinga kupanda kwa bei, polisi waliuzingira uwanja huo, na kwa muda mrefu baada ya hapo mwananchi wa kawaida hakuweza kuingia na kuketi. Nyasi zilikuwepo. Miti ilikuwepo. Jina lilikuwepo tena kwa herufi kubwa. Ukiitathmini kazi hiyo kwa maana ya kwanza ya kuhifadhi, ile ya Serengeti, utaipa alama nyingi. Ukiitathmini kwa maana ya pili, utaona tungo ambayo kizazi kizima hakikufundishwa. Mimi nilikuwa mtoto mwaka 2011. Wenzangu wa rika langu hawana hadithi yoyote iliyotokea ndani ya uwanja ule. Tunazo hadithi za kuupita tu.

Kuna namna nyingine ya kupoteza, isiyohitaji polisi. Karibu na pale, Speke Road, umesimama Mnara wa Uhuru uliochongwa na Gregory Maloba, msanii mzaliwa wa Kenya aliyefundisha Makerere: mama akimwinua mtoto juu. Nyuma yake ipo bustani iliyopewa jina kwa heshima ya Yubilei ya Mfalme George V. Muulize kijana yeyote wa Kampala bustani hiyo inaitwaje, atakutajia jina la hoteli ya jirani. Simlaumu kijana, na silii kwa sababu ya mfalme. Ninachosema ni kwamba jina la mahali ni sehemu ya hati yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mahali pa umma panapoanza kuitwa kwa jina la biashara, watu huacha kujiuliza kama wana haki ya kuingia.

Zipo pingamizi, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba matumizi huharibu. Ni kweli, nimekiri kuhusu nyasi za Jeevanjee. Mji wa mamilioni ya watu ukimwagwa wote juu ya ekari chache, hakuna mmea utakaostahimili. Wasimamizi wana haki ya kufunga sehemu moja ipumzike huku nyingine ikitumika. Lakini kufunga kuwe na tarehe ya kufungua. Uhuru Park ilifungwa mwaka 2021 kwa ajili ya ukarabati, na wakazi wakakaa muda mrefu wakiizunguka kwa nje. Ukarabati ulihitajika. Bado naamini kwamba bustani iliyofungwa muda mrefu hurudi na watu waliokwisha kujifunza kwenda kwingine.

Pingamizi ya pili ni usalama. Rafiki yangu mmoja, naye mwanamke, aliposoma rasimu ya insha hii aliniambia: "Wewe unasifu makundi ya wanaume wanaobishana, mimi nataka mlinzi awepo." Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Naona ana haki, na naona pia kwamba hatupingani. Mlinzi anaweza kuajiriwa kwa ajili ya watu walioketi au kwa ajili ya nyasi. Wa kwanza atamwuliza anayenisumbua aondoke; wa pili ataniondoa mimi. Mshahara ni uleule na sare ni ileile. Kinachotofautiana ni maagizo aliyopewa.

Pingamizi ya tatu ni fedha: bustani haijilipii. Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 na serikali ya kikoloni kwa majaribio ya mazao, hutoza kiingilio na imedumu zaidi ya karne. Sipingi kiingilio mahali ambapo kazi kuu ni kutunza mimea adimu. Lakini bustani ya katikati ya mji hutumiwa na mtu aliyetumwa barua, anayetafuta kazi, anayesubiri gari la saa kumi na mbili. Huyo ukimdai shilingi elfu mbili umemwambia "toka hapo" kwa sauti ya upole.

Kwa hiyo, tunapoulizwa kama bustani ya kihistoria imehifadhiwa, napendekeza tuache kutazama nyasi kwanza. Tuulize ni nani aliketi humo jana, na kama kesho ataweza kuketi tena bila kuomba. Majibu yakipatikana, ndipo tuhesabu miti na kupaka rangi ua.

Muhula uliopita nilirudi kwenye ile bustani ndogo ya sentensi tatu. Kibao kilikuwa palepale. Mlinzi alikuwa mwingine, mtu mzima kidogo, amesimama kivulini karibu na benchi tupu. Sikuingia. Nilimsalimu kwa Kiswahili kutoka upande wangu wa ua: "Habari ya kazi, afande?" Alishangaa, akajibu, na tukazungumza kidogo. Aliniambia huingia saa kumi na mbili asubuhi na hutoka saa kumi na mbili jioni. Nikamwuliza kama huchoka, na kwa nini asikae kwenye benchi lile ambalo halina mtu.

"Hata mimi sina ruhusa ya kukaa," akasema.

Nilifungua daftari, chini ya zile tatu, nikaiandika hiyo kuwa ya nne.